Takataka Zilizofungwa Vizuri

Sankau alinipigia simu Jumanne asubuhi, nikiwa nachambua mboga, akasema, "Mwalimu, Mama ametuacha." Kabla sijapata maneno ya kumpa pole akaongeza kwamba familia imekaa na kuamua nizungumze siku ya mazishi, kwa sababu katika watu wote ambao mama yake aliishi nao Kitengela, jina langu ndilo alilokuwa akilitaja. Nilikubali upesi, kama mtu anayeogopa kuulizwa swali la pili, kisha nikabaki nimekaa na ile mboga mapajani mpaka ikanyauka. Nimelia sana juma hili, na afadhali niseme mapema kwamba machozi yangu hayakuwa safi. Mama huyo alitaka kusikia neno moja tu kutoka kwetu. Neno lenyewe nilikuwa nalo mimi, nikakaa nalo kwa miaka ishirini na zaidi, hadi akaondoka bila kulisikia.

Hapa Kisaju ninakoishi sasa, watu wananijua kwa kikapu changu. Nilianza kwenda nacho sokoni miaka mingi kabla serikali haijapiga marufuku majuala ya nailoni, wakati ambapo mama mboga alikushangaa ukikataa kufungiwa nyanya tatu. Maji ya kuogea yanakwenda kwenye miti. Maji ya mvua nayakinga kutoka kwenye mabati, na maganda yote ya jikoni nayaacha wazi, yametandazwa kwenye ungo, hadi mbuzi wa jirani wapite. Vijana wananiita Mama Mazingira. Walimu wa shule ya karibu huniita kila muhula nizungumze na watoto juu ya tabia ndogo ndogo za kila siku zinazolinda afya na mazingira, nami huenda nimevaa vizuri, nikazungumza, nikapigiwa makofi. Mwaka juzi mwalimu mkuu aliniuliza hayo yote nilijifunza wapi. Nilimwambia nilijifunza kwa jirani, akaandika kwenye daftari lake. Hakuuliza jirani alipata nini.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nikifundisha nasari kwenye shule ndogo ya mabati Kitengela, na nilikuwa nimepanga chumba namba saba katika ploti ya vyumba vinane. Kilikuwa chumba cha mtu mmoja asiye na makuu: kitanda nyuma ya pazia, stovu ya mafuta taa juu ya kreti ya soda, ndoo mbili, na picha ya kalenda niliyoipenda ingawa mwaka wake ulikuwa umepita. Ukuta wa kati yangu na chumba namba sita ulikuwa wa mbao, na kupitia hapo nilimjua Mama Brian kuliko dada zangu. Nilijua anachopika, anachoomba na anachomwambia mumewe akichelewa. Nje, bomba moja, choo kimoja, na nyuma ya choo seng'enge iliyolegea. Upande wa pili wa seng'enge ndipo alipokaa Ng'oto Sankau, yaani mama yake Sankau kwa Kimaasai, mjane wa miaka arobaini hivi. Shamba la mumewe lilikuwa limeuzwa kipande kwa kipande hadi akabaki na boma lake, ekari chache na ng'ombe watano. Aliwalisha katika viwanja vya watu ambavyo bado havikuwa vimejengwa, akizunguka nao kati ya misingi ya nyumba na marundo ya mchanga. Shemeji yake alitoka Oltepesi mara kwa mara kumwambia auze kilichobaki na wahamie huko. Yeye hakutaka. Alimjibu kwa Kimaasai na akirudi kwetu alituambia kwa Kiswahili, "Nimemwambia hapa ndio nilizikia bwana yangu, na hapa niko na majirani. Huko iko nini? Iko vumbi na yeye."

Kwenye ile seng'enge kulikuwa na beseni kuukuu la plastiki lililotoboka chini. Nililikuta, na hakuna aliyejua nani alilianzisha. Wapangaji wote walimwaga humo maganda ya waru, yaani viazi, vikonyo vya sukuma wiki, maganda ya ndizi na ukoko wa ugali. Mnamo saa tano hivi, Nanyokie, ng'ombe mwekundu aliyekuwa mkubwa wa wote, alipenya shingo kati ya nyaya akala kila kitu, kisha akaramba beseni mpaka likang'aa. Jioni Ng'oto Sankau alipita na maziwa kwa yeyote aliyekuwa na mtoto mchanga au mgonjwa ndani ya nyumba. Hakuna aliyewahi kuita hayo mapatano. Yalikuwa mazoea tu ya watu wanaopakana, na kwa akili zangu za wakati ule niliyaona kama uchafu.

Mvua za Aprili zilipoanza niliugua taifodi. Nililazwa siku sita, nikarudi chumbani miguu ikitetemeka na nywele zikibaki mkononi kila nikijishika kichwa. Siku ya pili mlango ulisukumwa bila hodi, na Ng'oto Sankau akaingia akiinama, kwa mazoea ya mlango mfupi wa nyumba yake, ingawa mlango wangu ulikuwa mrefu. Alinisalimu, "Takwenya," nami nikajibu "Iko" kama nilivyofundishwa na watoto wa darasani, akafurahi sana. Alikuwa na kibuyu kirefu chenye shanga shingoni. Alinimiminia maziwa kwenye kikombe. Nikaonja, nikakunja uso.

"Yeyo, imeungua," nikamwambia. Wote pale tulimwita Yeyo, mama.

"Haijaungua," akasema. "Hiyo ni moshi ya kibuyu. Kunywa. Nanyokie hajawahi kutoa maziwa ya ugonjwa."

Nesi alikuwa ameniagiza nichemshe kila kitu. Nilipomwambia hivyo, alitazama nikiyachemsha yale maziwa kwenye stovu yangu kwa uso wa mtu anayeshuhudia mazishi. "Sasa umeyaua," akasema, lakini kesho yake alileta mengine, na kesho yake tena, kwa wiki saba. Nilipopata nguvu nilianza kwenda kwake jioni badala ya kumngoja. Nyumba yake ilikuwa na giza lenye joto, ndama amefungwa pembeni, ngozi ya kulalia imewambwa juu ya fito, na binti yake Sankau, wakati huo wa miaka mitano, akicheza na shanga zilizokatika. Nilikalia kigoda na kumtazama akiosha vibuyu. Hakutumia sabuni wala tone la maji. Alichoma kijiti cha mzeituni wa porini hadi kikawa kaa, akakiingiza ndani ya kibuyu, akatikisa, akasugua kwa brashi ndefu ya mti, akapuliza majivu. Meno yake aliyapiga mswaki wa mti kila asubuhi akifungua zizi. Alifagia kwa matawi ya leleshwa, nyumba ikanukia. Katika miezi yote niliyoingia mle sikuwahi kuona kitu kikitupwa, kwa sababu hapakuwa na kitu ambacho hakikuwa na wa kukila, wa kukivaa au wa kukichoma. Tulikula ugali na maziwa kwa mikono. Wakati mwingine alinitania kwamba nikiendelea kunenepa kwa maziwa ya Nanyokie, itabidi nimpe ng'ombe huyo jina la ukoo wangu.

Aliyeponea chupuchupu huwa na dini mpya, na yangu ilikuwa usafi. Nesi alinipa mafunzo, na mengi yalikuwa mema. Nilinunua karatasi ya manila nikayaandika kwa kalamu nene, nikabandika karibu na bomba: maji yachemshwe, mikono ioshwe kwa sabuni, chakula kifunikwe, na takataka zote zifungwe ndani ya juala ili nzi wasizifikie. Hilo la mwisho niliongeza mwenyewe, nikalipenda kuliko yote. Niliwaonyesha wapangaji namna ya kulifunga: unasokota shingo, unapiga fundo mara mbili, ncha unazichomeka chini. Nilipita mlango kwa mlango. Mama Brian alinicheka kupitia ukutani, "Mwalimu ametoka hospitali na bibilia mpya," lakini naye alifunga. Watoto wangu wa nasari waliimba wimbo wa kufunga takataka, niliotunga mimi, huku wakisokota majuala matupu. Na lile beseni nililitoa mimi mwenyewe Jumamosi moja, nzi wakinizunguka, nikalitupa shimoni.

Ng'oto Sankau alikuja akasimama mahali lilipokuwa. "Beseni imeenda wapi?"

"Lilikuwa linaleta nzi, Yeyo. Nzi ndio walinipa ugonjwa."

Alifikiri kidogo. "Nzi ni ya ng'ombe," akasema. "Kama iko ng'ombe, iko nzi." Kisha akanishika bega. "Lakini wewe ndio ulikuwa mgonjwa. Sawa, mwalimu."

Hakuna gari la taka lililofika mtaa ule. Majuala yetu tuliyapanga nyuma ya choo, mezani pa nzi pakabaki pasafi, na mwenye ploti alipokuja alisifu sana. Nimeurudia mwezi ule kichwani mara nyingi kuliko arusi yangu. Nilikotoka, ng'ombe alifungwa kamba nyuma ya nyumba na nyasi akaletewa. Sikuwa nimewahi kumwona ng'ombe akijitafutia chakula kati ya nyumba za watu, wala sikujua kwamba akisikia harufu ya ukoko wa ugali wenye chumvi ndani ya nailoni hatapoteza muda kutafuta fundo liko wapi. Atameza vyote. Maganda yaliyokuwa wazi aliyachagua kwa ulimi, akaacha yasiyofaa. Niliyoyafunga mimi hakuweza kuyachagua. Mtu anaweza kusema sikujua, na ni kweli sikujua, na nimejisemea hivyo mara nyingi kwenye giza la chumba na haijawahi kunisaidia.

Agosti Nanyokie aliacha kucheua. Alisimama pembeni ya zizi kichwa kimeinama, ubavu wa kushoto umevimba na kukaza. Ng'oto Sankau alimnywesha maji ya magadi, akamsugua tumbo kwa viganja, akimsemesha kwa sauti ya chini siku nzima. Nilimletea maji. Nilishika ndoo, nikashika kamba, nikamwombea ng'ombe kwa jina la Yesu na sikuona aibu. Siku ya tatu Ng'oto Sankau aliniambia nenda ukafundishe, watoto wanangoja, na nilipotoka zizini alikuwa ameegemeza paji lake la uso kwenye shingo ya Nanyokie, amefumba macho. Ng'oto Sankau alipewa ng'ombe huyo na mama yake siku alipoolewa, akiwa bado ndama. Nanyokie alikufa alfajiri ya Jumamosi.

Shemeji alifika kutoka Oltepesi akampasua ili ijulikane alikufa na nini. Wapangaji wachache tulisimama kando. Tumbo kubwa lilipofunguka, alitoa kwa mikono miwili bonge la nailoni lililosokotana, zito, la kujaza debe. Mengi yalikuwa majuala ya upepo, yaliyookotwa miaka na miaka, na hadi leo najaribu kujificha nyuma ya bonge hilo. Lakini juu yake kulikuwa na mengine manne, mazima, yametuna, yamefungwa. Shemeji alilipasua moja kwa ncha ya kisu, maganda ya waru yakamwagika. La pili vikonyo vya sukuma. Hayo yangeweza kuwa ya yeyote katika vyumba vinane. La tatu lilikuwa dogo, la pinki, la duka la dawa, na katika ploti ile hakuna aliyekuwa amenunua dawa dukani miezi hiyo isipokuwa mimi. Nililijua kabla hajalishika. Ndani kulikuwa na majani ya chai na ukoko wa ugali.

"Hii si takataka," shemeji akasema, kwa Kiswahili, ili sisi tusikie. "Takataka inatupwa. Hii imefungwa. Mtu amechukua chakula, akaweka ndani ya karatasi ya nailoni, akafunga na nguvu ili ng'ombe imeze. Hii ni kazi ya mtu."

Nilimtazama Ng'oto Sankau nikingoja akatae. Alikuwa anajua kila kitu kuhusu ng'ombe, lakini kuhusu sisi alijua alichokiona, na maishani mwake hakuwa ameona mtu akifunga maganda. Chakula hufungwa cha safari, au cha kufichwa. Sheria zangu kwenye manila hakuweza kuzisoma, na mafunzo yangu niliyapeleka kwenye milango minane ya ploti. Kwake sikupeleka, kwa sababu niliona hana takataka za kufundishiwa. Alilichukua lile juala la nne, ambalo halikuwa limepasuliwa, akaligeuza geuza mikononi. "Mtu alikaa chini," akasema taratibu, "akafunga hii." Nilijiambia ngoja kwanza shemeji aondoke.

Jioni ya Jumapili, saa kumi na moja, alianza na mlango namba moja. Nilikuwa kitandani nyuma ya pazia nikasikia hodi yake, kisha swali, sauti ile ile kila mlango: "Hii ni yako? Sijakuja na vita. Nataka kujua tu nilikukosea nini." Watu waliogopa kulipishwa ng'ombe, wakakana. Namba mbili akakana. Namba tatu akasema hata hatumii majuala. Nilimsikia akikaribia, na nilikuwa nimeshapanga maneno yangu, nayakumbuka bado: Yeyo, ni mimi, si ubaya, ni usafi. Maneno saba ambayo hata mtoto wa nasari angeweza kuyatamka. Alifika kwa Mama Brian, na kupitia mbao nikamsikia Mama Brian akisema, "Mimi nimefunga kama watu wote, lakini hiyo si yangu, haki ya Mungu." Ng'oto Sankau akauliza, "Watu wote wanafunga? Kwa nini?" Mama Brian, Mungu amsamehe, alitaka tu kufunga mlango, akajibu, "Mimi sijui, uliza wengine."

Alipofika kwangu hakupiga hodi. Alisukuma mlango kama siku zote, akaketi kwenye kreti ya soda, juala likiwa mapajani.

"Wewe sikuulizi," akasema.

Nikafungua mdomo.

"Wewe sikuulizi, kwa sababu wewe Nanyokie alikuponyesha. Nimekuja unisaidie. Wewe ni mwalimu, watoto wanakuambia mambo ya nyumba zao. Uliza pole pole. Sitaki kulipwa. Ile inaniuma si ng'ombe. Ng'ombe inakufa. Inaniuma nimekaa na watu hawa, nimewapea maziwa watoto wao, na mmoja ananichukia hivi na sijui ni nani. Sasa nikisalimia mtu kwa bomba nafikiria, ni wewe? Utanisaidia?"

"Nitauliza, Yeyo," nikasema.

Hapo ndipo nilipomuua, kama nilikuwa sijamuua bado. Hakunidai nikane, na angenikasirikia labda siku tatu. Lakini nilikuwa nimeponywa kwa mkono wake, na sikuweza kustahimili kuonekana nilivyokuwa: mwalimu aliyetoka na manila yake akafundisha watu wa ploti nzima kumwua ng'ombe wa mjane. Kwa hiyo nilimwachia aamini kwamba anachukiwa. Niliona ni afadhali yeye awe na adui asiyekuwepo kuliko mimi nikose sifa yangu njema.

Baada ya hapo alizibua seng'enge upande mwingine na kupitia huko. Watoto wachanga wa ploti hawakupata maziwa tena. Sankau alipokuja kwenye bomba kucheza aliitwa kwa ukali akarudi. Usiku huo huo wa Jumapili niliibandua manila nikaichoma, na wapangaji wakaendelea kufunga vizuri kama nilivyowafundisha, na Oktoba ng'ombe mwingine akafa. Mara ya pili Ng'oto Sankau hakuuliza mtu. Shemeji alipokuja safari hiyo nilimsikia akimwambia tena auze na wahamie Oltepesi, na yeye hakuwa na jibu la majirani tena. Alisema neno moja la Kimaasai ambalo hata mimi nililielewa. Alisema ndiyo.

Waliondoka Desemba. Lori lilipakia ng'ombe watatu, fito za kitanda, vibuyu na kuku. Wapangaji walikuwa kazini au walijifanya wako kazini. Nilikwenda peke yangu. Alinishika mikono yote miwili, akaigeuza viganja juu, akanitemea mate kidogo katikati, baraka ya mzazi kwa mtoto anayempenda, na kila nikikumbuka hilo nasikia joto la aibu mpaka nyuma ya masikio. "Enkai ikulinde," akasema, yaani Mungu anilinde. "Na hawa watu, ujilinde nao." Mahali palipokuwa na boma lake sasa pana ghorofa tatu za kupangisha na kibao cha saluni.

Nilijaribu mara moja. Miaka kama kumi baadaye tuliagana tukutane Kiserian, siku ya soko la mifugo, nami niliondoka nyumbani nimeapa. Tuliketi katika hoteli ndogo, tukaagiza chai na mandazi, kisha nyama ya kuchemsha, kwa sababu alisisitiza nimekonda. Alikuwa amezeeka kupita miaka yake. Aliniuliza habari za watoto, nikamwuliza za mvua. Nilipokaribia kusema, alianza yeye: kwamba wiki mbili nyuma mama mmoja mpita njia aliomba maziwa ya mtoto, na yeye akamwambia hana, na kibuyu kilikuwa kimejaa. "Siku hizi sipei mtu sijui," akasema, bila kujivunia. "Kitengela ilinifundisha." Kisha akauliza swali ambalo aliniuliza kila tulipozungumza kwa simu, Krismasi hata Pasaka: "Na yule mtu, alijulikana?" Nikatazama chai yangu. Nikasema, "Bado, Yeyo." Alinipatia kipande chake cha nyama.

Basi jana tulimzika Oltepesi. Hema mbili, viti vya kukodi, mchungaji mwenye sauti kubwa, na akina mama waliovaa shanga wakiimba kwa namna inayoingia mifupani. Nilifika mapema kwa makusudi. Sankau alikuwa nyuma ya nyumba akigawa kazi kwa wapishi, mama mtu mzima sasa, mabega ya mama yake kabisa. Nilimwita pembeni nikamwambia yote: manila, beseni, wimbo wa watoto, juala la duka la dawa, Jumapili ile. Nilimwambia nataka kusema mbele ya watu leo, ili jina la mama yake lisafishwe, ijulikane kwamba hakuna aliyewahi kumchukia. Nilizungumza nikilia na nikajisikia, Mungu anisamehe, mwepesi kidogo.

Alinisikiliza hadi mwisho. Hakulia. Alitazama upande wa kaburi, ambapo vijana walikuwa wakisawazisha udongo.

"Unajua alikuwa anatuambia nini?" akauliza. "Tukimwambia watu si wabaya wote, alikuwa anasema, hata mimi najua, hata Kitengela nilikuwa na mmoja. Mmoja. Hiyo ndio kitu pekee alitoka nayo huko, mwalimu."

"Ndiyo maana nataka—"

"Nilisikia ile unataka." Sauti yake haikupanda. "Ungekuja akiwa hai, angepata majirani wake wote warudi. Wewe umekuja leo. Leo ukisema, yeye hapati kitu. Wewe ndio unapata. Yeye anapoteza yule mmoja." Akajifuta mikono kwenye leso. "Usimnyang'anye. Watakuita, utasimama, utasema vile yeye alikuwa anajua."

Waliniita baada ya wimbo wa tatu. Mwendesha ibada alisema sasa tunamkaribisha rafiki wa marehemu kutoka Kitengela, na watu wakageuka kunitazama kwa upendo, wazee kwa vijana, kwa sababu wote walikuwa wamesikia habari zangu. Shemeji, ambaye sasa ni mzee wa kuongozwa kwa mkono, alinyoosha shingo anione. Nilitembea hadi mbele. Nilikishika kipaza sauti kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza katika miaka hiyo yote nilijua neno kwa neno ninachotakiwa kusema.

"Nilikuwa jirani yake," nikasema. "Nilimpenda, na yeye alijua." Akina mama wakaitikia kwa pamoja, "Amina," na Sankau, mstari wa kwanza, akatazama chini.